UZI: Je, mahubiri yawekewe kinga dhidi ya sheria za kauli za chuki?

Mleta mada, Moshi

Ndugu wanajamvi, naleta kwenu hoja ambayo imewagawa wanasiasa wa Kanada, lakini sisi tunaopita kila siku kati ya stendi ya Moshi na soko la Kilombero kule Arusha tunakutana nayo karibu kila mwisho wa juma: je, mtu anayezungumza kwa jina la dini yake aachwe nje ya sheria zinazokataza kauli za chuki?

Kifungu cha 319 cha sheria ya jinai ya Kanada kinaweza kumfunga hadi miaka 2 mtu anayeeneza kwa makusudi chuki dhidi ya kundi fulani la watu, liwe la rangi, kabila au dini. Hata hivyo kifungu hichohicho kinampa mshitakiwa njia ya kujitetea, kwamba hatapatikana na hatia iwapo alikuwa akitoa, kwa nia njema, maoni juu ya jambo la dini au maoni yanayotokana na imani yake katika maandiko. Mwezi Septemba 2025 serikali ya nchi hiyo ilipeleka bungeni muswada namba C-9 kuhusu makosa ya chuki, na chama cha Bloc Québécois kikashikilia kwamba utetezi huo ufutwe kabisa, jambo ambalo viongozi wa dini, wakiwamo maaskofu wa Kanisa Katoliki, wamelipinga kwa nguvu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusipotezeane muda. Sioni sababu ya kumpa mhubiri kinga ambayo mwanasiasa, mwandishi wa habari au muuza mitumba hana. Wakati huohuo sioni sababu ya kuwa na sheria pana kiasi kwamba mhubiri wa kawaida, anayesoma kitabu chake kama alivyofundishwa na waliomtangulia, analazimika kuombewa kinga ndipo alale nyumbani kwake. Sheria inayohitaji kiraka cha namna hiyo ilikuwa mbovu tangu kitambaa chake.

Kwetu hali ina utata wake. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani pamoja na uhuru wa kubadili dini, na inasema kwamba kazi ya kutangaza na kueneza dini ni huru. Kisha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 129, inamtia hatiani mtu anayetamka neno au kutoa sauti mbele ya mwenzake kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia zake za kidini, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1. Angalieni kinacholindwa hapo. Si usalama wa mtu, si duka lake, si watoto wake, ni hisia. Maneno ya kifungu hicho yanafanana mno na kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, na mimi nadhani mkoloni aliyeyatunga alijali zaidi utulivu wa utawala wake kuliko utu wa Mhindu au wa Mwislamu.

Kifungu hicho kilipimwa katika shauri la Hamisi Rajabu Dibagula, ambalo kila anayepanda jukwaani kuhubiri angepaswa kulijua. Alishitakiwa Morogoro kwa kusema hadharani, katika mkutano wa dini, kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ilimfunga. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ilimtoa gerezani lakini ikaiacha hatia palepale, na ndipo jambo likafika Mahakama ya Rufani kama rufaa ya jinai namba 53 ya 2001. Majaji wa Rufani waliifuta hatia hiyo. Kwa ufupi, walisema kwamba Mwislamu anayetamka maneno yale anatangaza fundisho la dini yake, na kwamba Mkristo kuudhika kwa kuyasikia, hata akiudhika kweli, hakuthibitishi kuwa msemaji alikusudia kumuumiza.

Nauliza, basi: Dibagula alihitaji kinga ya dini? Kwa maoni yangu alihitaji kitu kimoja tu, nacho ni upande wa mashitaka kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha nia.

Mchangiaji, Ngarenaro, Arusha

Assalaam alaykum, na kwa wasio wa imani yangu, heri kwenu nyote.

Ndugu mleta mada, umelieleza shauri vizuri lakini umelipitia mwishoni kabla ya mwanzo. Kabla majaji wa Rufani hawajasema maneno hayo mazuri, mtu yule alikuwa ameshakaa gerezani kwa kutamka jambo ambalo mtoto wa madrasa analijua kwa moyo. Polisi anayesimama pembeni ya mhadhara hana vitabu vya maamuzi ya Mahakama ya Rufani mfukoni, na hakimu wa wilaya anayeletewa umati uliokasirika mbele ya mahakama yake anataka kwanza mji utulie. Mwenye pesa ya wakili atafika Rufani. Mhadhiri anayeuza kanzu na misuaki hatafika, atakubali yaishe.

Ndiyo maana mimi nataka kinga iandikwe, tena iandikwe waziwazi, kwamba maneno ya mafundisho ya dini si jinai. Ikiwa imeandikwa, nitaweza kumwonesha askari pale pale. Bila hivyo tunabaki tukitegemea hekima ya mtu, na hekima ya mtu inabadilika na kituo cha kazi.

Wala msidhani kwamba hili ni la Waislamu peke yetu. Ninyi wa Moshi mnaukumbuka vizuri zaidi yangu waraka wa Pasaka wa 2018, ambao maaskofu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, waliutoa wakigusa demokrasia na haki za raia. Ilitoka barua ya Msajili wa Jumuiya kuwataka waufute, na ikabidi Waziri wa Mambo ya Ndani ajitokeze kuikana. Siku hiyo ilikuwa siasa. Siku nyingine wataita chuki, kwa sababu neno hilo halina ukuta.

Mchangiaji, Sakina, Arusha

Nimesoma hoja zote mbili na naomba kuleta upande ambao mkazi wa Arusha hana budi kuukumbuka. Kwa miaka mingi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapa mjini, katika jengo la AICC, kile kituo cha mikutano, na mimi nilikuwa miongoni mwa wengi waliofanya kazi za kawaida za ofisi ndani ya jengo hilo. Nilichokiona ni kwamba mahakama ile haikumtazama mtu vazi.

Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Kanisa la Waadventista alihukumiwa miaka 10 mwaka 2003. Padri Athanase Seromba wa parokia ya Nyange, ambako kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya Watutsi waliokimbilia humo, alipewa miaka 15 mwaka 2006, na aliporudi kwenye rufaa mwaka 2008 kifungo kikawa cha maisha. Hakuna aliyesema kwamba joho liwe kinga. Kwa hiyo ninapomsikia ndugu yangu wa Ngarenaro akidai kinga iandikwe, najiuliza itasomwaje na mtu mwenye nia mbaya anayejua kwamba akitanguliza aya moja tu, yote yanayofuata yatahesabiwa kuwa mafundisho.

Mleta mada, Moshi

Dada wa Sakina, ahsante, lakini turekebishane kidogo. Seromba na Ntakirutimana hawakuhukumiwa kwa mahubiri. Walihukumiwa kwa matendo, na matendo hayajawahi kuwa na utata. Katika kumbukumbu za mahakama ile kuna shauri linalogusa mada yetu kwa karibu zaidi, nalo ni la Simon Bikindi, mwanamuziki. Alishitakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa nyimbo zake. Hukumu ya Desemba 2008 ilikubali kwamba nyimbo zilitumika kuchochea chuki, lakini hazikuwa msingi wa kumtia hatiani. Kilichompatia miaka 15 ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti akiwa ndani ya gari mwishoni mwa Juni 1994, barabarani kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu wawaue Watutsi, na aliporudi kuwauliza kama wameshawaua.

Huo ndio mpaka ninaoutafuta. Majaji walikuwa na kila sababu ya kuudhika na nyimbo zile, na pengine waliudhika. Hata hivyo walitafuta mahali ambapo neno limegeuka kuwa agizo juu ya watu walio hai, wakalishika hapo.

Niulete mpaka huo nyumbani. Wakati fulani nilisimama kusikiliza mhadhara uliofanyika Pasua, hapa Moshi. Palikuwa na meza moja yenye Biblia na Kurani, spika mbili juu ya viti vya plastiki, na kijana msomaji aliyeshika Biblia iliyochakaa pembeni. Mhadhiri anasema, «Yohana kumi na saba, aya ya tatu, soma!» Kijana anasoma kwamba wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, mhadhiri anamkatisha pale pale, anamrudisha kwenye neno «pekee», anamtaka alisome tena, na watu wanaleta takbiri. Upande wa pili wa barabara walikuwapo vijana wawili wa Kipentekoste wakiandika aya za kujibu kwenye daftari, na zamu yao ya maswali ilipofika walijibu kwa ukali uleule. Muuza kahawa alizunguka na birika lake akiwauzia wote. Mkristo aliyepita pale angeweza kuumia moyo, naye alikuwa na ruhusa ya kuendelea na safari yake.

Baadaye alipanda mzungumzaji mwingine, akaacha maandiko kabisa. Akataja bucha fulani na mwenye nalo, akasema mtu yule hafai kufanya biashara katikati ya waumini, na kwamba wenye imani wanajua la kufanya. Kwangu mimi, hadi mzungumzaji wa kwanza anashuka tulikuwa ndani ya dini. Yule wa pili alikuwa amehamia kwenye riziki na usalama wa jirani yake. Ningesema vivyo hivyo kwa mhubiri wa Kikristo: akidai kwamba dini ya wenzake imejaa majini, atawaudhi wengi na mimi nitamwona mkosefu wa adabu, lakini akiwaambia washarika wake wasimpangishie nyumba Mwislamu, au wamfukuze aliyekwisha kupanga, hapo anadhuru watu.

Jambo la kuchinja linaonesha ugumu wake vizuri zaidi. Hapa Kilimanjaro familia nyingi zina pande zote mbili, na ndiyo maana kwenye msiba au mkusanyiko wa Krismasi anaitwa Mwislamu achinje ili shangazi wa upande ule naye ale. Sasa mhubiri akisimama na kuwaambia wafuasi wake kwamba kwa imani yao wasile nyama iliyochinjwa na Mwislamu, amevuruga mlo wa ukoo mzima, na wazee watamchukia, lakini bado anawaelekeza watu wake juu ya sahani zao wenyewe. Akiwaambia waende kumzuia mchinjaji asifanye kazi yake, amevuka. Mwaka 2013 mgogoro wa namna hii kule Buseresere, Geita, ulifikia hatua ya mchungaji mmoja kuuawa. Sheria inayoshughulika na hisia ingewakamata wote wawili, yule wa sahani na yule wa kuzuia. Kinga ya dini ingewaachia wote wawili. Zote zimekosea kwa kiasi kilekile.

Mchangiaji, Unga Limited, Arusha

Samahanini wasomi, mimi nina mashaka madogo. Kwa upande wangu adha si chuki, adha ni spika. Kuna mkutano wa injili nyuma ya nyumba yangu ambao hautukani mtu yeyote, unawaombea watu wote mema hadi saa saba za usiku. Kinga hiyo mnayoijadili itaufunika na huo?

Mleta mada, Moshi

Mama, hilo lina kanuni zake za udhibiti wa kelele na mitetemo za 2015, na ni kazi ya taasisi ya taifa ya mazingira na halmashauri. Halihusiani na maudhui ya maneno, na naomba kinga yoyote isiliguse.

Mchangiaji, Marangu

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa na sina haja ya kuficha kwamba nina wasiwasi na mipaka iliyonyooka mno. Mnasema neno lishikwe linapogeuka agizo. Lakini kabla ya agizo kuna miaka ya kuandaa mioyo. Mtu haamki asubuhi akachoma nyumba ya ibada. Amekuwa akiambiwa muda mrefu kwamba waliomo ndani si watu kamili. Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, utundu wa watoto wawili na msahafu ulitosha makanisa yachomwe. Mei 5, 2013 bomu lilitupwa kwenye parokia ya Olasiti, Arusha, wakati wa uzinduzi, mbele ya balozi wa Papa, na watu 3 wakafa. Mnataka tusubiri agizo?

Mleta mada, Moshi

Mzee wangu, shikamoo. Olasiti naomba tuiweke pembeni, kwa sababu kulipua watu ni mauaji na hakuna anayehitaji sheria ya kauli ili kumshughulikia muuaji, na si haki kulibebesha mahubiri ya watu fulani bomu ambalo hatuwezi kulifungamanisha nayo humu jukwaani.

Kuhusu Mbagala, mimi nasoma tofauti. Waliofanya jinai pale ni waliochoma, na walichoma wakiamini kwamba hisia zilizoumizwa zinawapa haki ya kufanya hivyo. Sheria inaposema kuwa kuumiza hisia za dini ni kosa la kupelekwa gerezani, inamthibitishia mtu wa namna hiyo kwamba hasira yake ina hadhi ya kiserikali. Kadiri anavyokasirika zaidi ndivyo kosa la mwenzake linavyoonekana kubwa zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imelipeleka jambo hili kwenye simu zetu, kwani kifungu cha 18 kinafanya kosa kumtukana mtu kupitia mfumo wa kompyuta kwa msingi wa rangi, kabila au dini yake. Nakubali kwamba kinamlinda mtu na si fundisho, hilo ni jema, lakini kati ya tusi na hoja kali katika kipande cha video cha sekunde chache, anayeamua ni nani?

Hata hivyo swali lako la kuandaa mioyo ni la haki, na si wewe wa kwanza kuliuliza. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, katika ibara ya 20 unazitaka nchi zikataze utetezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini unaofikia kuwa uchochezi wa ubaguzi, uhasama au ukatili. Mpango wa Rabat wa 2012, mwongozo wa Umoja wa Mataifa, ukaeleza namna ya kupima hilo: mazingira ya wakati huo, hadhi ya msemaji na nguvu zake kwa wasikilizaji, nia yake, maudhui na namna alivyoyasema, upana wa kusambaa kwake, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Kwa vipimo hivyo, askofu au sheikh anayesikilizwa na maelfu anabeba wajibu mkubwa kuliko mpiga debe wa stendi anayesema maneno yaleyale. Hapo utaona kwamba cheo cha dini kinamwongezea mtu uzito wa kesi badala ya kumpunguzia. Na hayo yanaweza kushughulikiwa kabla ya agizo la wazi, bila kumgusa anayesoma Yohana 17.

Mchangiaji, Sakina, Arusha

Niongeze moja kuhusu Kanada, kwa kuwa wengi wanaitaja kana kwamba mhubiri wa kule husema apendavyo. Utetezi ule wa dini unahusu kosa la kueneza chuki kwa makusudi peke yake. Mtu akichochea chuki hadharani kwa namna inayoelekea kuvunja amani, au akitetea mauaji ya kimbari, hana mlango huo wa kutokea, hata akiwa na kitabu mkononi. Nako Uswidi, ambako hakuna kinga ya wazi, mchungaji Åke Green alihukumiwa mwezi mmoja mwaka 2004 kwa mahubiri yake kuhusu wapenzi wa jinsia moja, akaachiwa huru kwenye rufaa mwaka 2005, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikathibitisha aachwe huru kwa kupima uhuru wa dini na wa kujieleza chini ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Kinga au bila kinga, majaji walibaki na kazi ileile ya kupima.

Mchangiaji, Ngarenaro, Arusha

Na huyo Green naye alipitia mlango wa hatia kwanza, kama Dibagula. Dada yangu, mfano wako umenisaidia mimi kuliko wewe. Ninyi mnaongelea mahali safari inapoishia, mimi naongelea kituo cha polisi Ijumaa jioni, ambapo dhamana inasubiri hadi Jumatatu.

Mleta mada, Moshi

Sheikh wangu, hapo umenibana, na sina nia ya kukwepa. Tatizo unalolieleza ni la kweli, ila kinga si dawa yake, kwa sababu askari anayepuuza uamuzi wa Rufani atapuuza pia kinga, akisema kwamba maneno yako hayakuwa mafundisho. Kuna kitu kingine katika kifungu kilekile cha Kanada ambacho watu hawakizungumzii: mashtaka ya kueneza chuki hayafunguliwi bila ridhaa ya Mwanasheria Mkuu. Mimi ningependekeza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kifungu cha 129 kifutwe, na mahali pake pawe na kosa finyu la kuchochea ubaguzi, uhasama au ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya dini yao, likipimwa kwa vigezo vile sita na likimhusu mwanasiasa sawasawa na mchungaji. Pili, mtu asikamatwe kwa kosa hilo bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe, labda kama umati tayari unaelekea mahali fulani ukiwa na mawe.

Mchangiaji, Ngarenaro, Arusha

La kwanza nalipokea bila shida, na nitalipeleka kwa wenzangu msikitini baada ya Ijumaa. La pili nalipokea nusu. Mkurugenzi wa Mashtaka anateuliwa na Rais, na waraka wa maaskofu wa 2018 haukumgusa muuza nyama, uliwagusa walioko juu. Niandikie jinsi kibali hicho kitakavyopingwa mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku chache, nami nitaacha kudai kinga.

Mleta mada, Moshi

Ombi la haki. Nitarudi na rasimu ya kifungu hicho, na wanasheria mliomo humu, hasa mnaofanya kazi Mahakama Kuu hapa Moshi, naomba mnitangulie kwa kueleza maombi ya namna hiyo huchukua muda gani kusikilizwa.